Wakati Ujao katika Kiingereza: Mwongozo wa Kutumia Viwakilishi na Nomino za Wingi

Chukua sentensi mbili ambazo mtu yeyote angeweza kuzisema leo: "Nyumba itauzwa mwezi ujao" na "Nyumba zitauzwa mwezi ujao". Neno "nyumba" halikubadilika hata kidogo kutoka sentensi ya kwanza hadi ya pili. Kilichotujulisha kama ni moja au ni nyingi ni kitenzi, kwa "i" ya "itauzwa" na "zi" ya "zitauzwa". Sasa tazama Mwingereza anavyosema mambo hayohayo: "The house will be sold next month", kisha "The houses will be sold next month". Hapa kitenzi ndicho kisichobadilika, na habari yote ya wingi imebebwa na herufi moja tu iliyoongezwa mwishoni mwa nomino.

Kwa miaka ambayo nimewafundisha watu wazima Kiingereza, nimeona kwamba makosa mengi ya msemaji wa Kiswahili katika wakati ujao yanatokana na tofauti hii. Si kwamba mwanafunzi hajui "will". Neno hilo hulijua ndani ya wiki ya kwanza. Tatizo ni kwamba amezoea kitenzi kinachosema kila kitu, yaani nani atatenda, wangapi, lini, na nani atatendewa, ilhali "will" haisemi lolote kuhusu mtendaji wala idadi. "I will", "she will", "they will", "the children will": ni ileile siku zote. Kwa hiyo kazi ambayo Kiswahili hukiachia kitenzi, Kiingereza huigawa kati ya kiwakilishi na nomino, na ukiwa mzembe kwenye viwili hivyo, msikilizaji hana pengine pa kupata maana. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa utaratibu ninaoufuata darasani.

Hatua ya kwanza: ivunje sentensi yako kabla ya kuiandika

Tuseme unafanya kazi kwenye nyumba ya wageni na unataka kuandika: "Tutawapokea kesho." Neno "tutawapokea" lina vipande vinne: "tu" ya sisi, "ta" ya wakati ujao, "wa" ya wao, na "pokea". Andika kila kipande kwenye karatasi, kisha kitafutie neno lake la Kiingereza: "we", "will", "them", "receive". Halafu hamisha kitu kimoja tu, yaani mtendewa, umpeleke nyuma ya kitenzi: "We will receive them tomorrow." Neno moja limekuwa manne, na hakuna hata moja linaloweza kuachwa.

Katika ukanushaji vipande ni vilevile, ila "will" hufuatwa na "not", na katika mazungumzo viwili hivyo hufupishwa kuwa "won't". "Hatutawapokea" huwa "We won't receive them", na "Hawatakuja" huwa "They won't come". Angalia kwamba katika Kiswahili ukanushaji hugusa mwanzo wa neno, mahali palepale alipokaa mtendaji, ilhali katika Kiingereza kiwakilishi hakiguswi.

Jambo moja linaloweza kukusaidia kuikumbuka "will" ni kwamba zamani lilikuwa kitenzi kamili chenye maana ya kutaka, sawasawa na kiambishi chetu "ta" ambacho wanaisimu hukihusisha na kitenzi "taka". Lugha mbili zisizo na undugu wowote zilianza na utashi wa mtu, zikaishia kwenye kesho yake.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba ni lazima useme "I shall" na "we shall", kisha "you will" na "they will". Kanuni hiyo inaonekana kwenye kitabu cha sarufi alichokichapisha John Wallis mwaka 1653, na walimu wameirithi kizazi baada ya kizazi. Katika Kiingereza cha leo tumia "will" kwa nafsi zote bila wasiwasi. "Shall" ibaki nayo kwa kupendekeza jambo au kuomba maelekezo: "Shall we go?", yaani "Twende?", na "Shall I bring the chairs?", yaani "Nilete viti?"

Hatua ya pili: mtaje mtendaji mara moja, na umtaje sawasawa

Kwa kuwa Kiswahili hudai kiambishi cha mtendaji hata pale jina lake limekwisha kutajwa, mwanafunzi anapofikiria "Mama atakuja" huona "mama" na tena "a", na vyote viwili hupata njia ya kuingia kwenye Kiingereza chake: "My mother she will come." Kiingereza sanifu hakikubali hivyo. Chagua kimoja: ama nomino, "My mother will come", ama kiwakilishi, "She will come", ikiwa msikilizaji anajua tayari unayemzungumzia.

Kisha kuna suala la "he" na "she". Kiambishi chetu "a" hakiulizi kama mtu ni mwanamume au mwanamke, na kwa hiyo ulimi uliozoea "atakuja" huchukua "he" au "she" yoyote iliyo karibu. Nimesikia mtu mwenye Kiingereza kizuri akimweleza daktari mgeni habari za mke wake mjamzito kwa kusema "he will deliver next month". Daktari alielewa, lakini alisita kwanza. Dawa ninayoipendekeza ni hii: kabla ya kufungua kinywa, mwone mtu huyo akilini, kisha uiweke "she" au "he" kwanza, halafu ndipo utafute kitenzi. Ukianza na kitenzi umechelewa.

Usipomjua mtu huyo ni nani, Kiingereza kina njia ambayo kwa Mswahili ni nyepesi kuipokea. "Mtu atakupigia simu kesho, naye atakueleza" huwa "Someone will call you tomorrow, and they will explain." Hapo "they" ni mtu mmoja. Wako wanaodhani ni mtindo wa juzi, lakini matumizi hayo yamo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14.

Kwa "you" hali inageuka. Sisi hutenganisha "utakuja" na "mtakuja". Mwingereza husema "you will come" kwa mmoja na kwa mia. Zamani walikuwa na "thou" ya mtu mmoja, ila "you" ya wingi ilianza kutumiwa kwa heshima kwa mtu mmoja hadi ikaimeza ile nyingine. Kwa hiyo unapomwandikia mtu mmoja ujumbe unaohusu familia yake yote, ongeza neno litakaloonyesha wingi: "You will all come", au "You and your family will come." Ukiacha, atadhani umemwalika peke yake.

Kuna mtego mwingine ambao vitabu vingi havigusi. Tunaposema "Tutakwenda na Juma", mara nyingi tunamaanisha watu wawili tu, mimi na Juma. Mwingereza akisikia "We will go with Juma" atahesabu watu watatu au zaidi, kwa sababu kwake "we" tayari ni watu wawili kabla Juma hajaongezwa. Kama mko wawili, sema "Juma and I will go", ukimtanguliza mwenzako na kujiweka mwisho, au "I will go with Juma". Hili si jambo dogo unapokata tiketi au kuhifadhi vyumba.

Wale ambao lugha zao za nyumbani humweka mzee mmoja katika wingi kwa heshima, na hivyo kusema "Baba watakuja", wakumbuke kwamba Kiingereza hakina adabu ya namna hiyo katika nafsi ya tatu. Baba ni "he".

Hatua ya tatu: weka wingi kwenye nomino

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mrefu kuliko nyingine zote. Makosa ya wingi hayatokei popote tu. Huwa mengi zaidi kwenye zile nomino ambazo katika Kiswahili hazibadiliki. Mwanafunzi anayesema "two week" na "three day" huyohuyo husema "five years" na "six months" bila shida, kwa sababu mwaka hugeuka miaka na mwezi hugeuka miezi, lakini wiki ni wiki na siku ni siku, iwe moja au thelathini. Vivyo hivyo kwa nguo, meza, kalamu, barua, simu, chupa, sahani, ndizi, ng'ombe na kuku, na orodha nzima ya ngeli ya I-ZI pamoja na wanyama wanaotamkwa sawa katika umoja na wingi. Kwa hiyo jipe zoezi la kupita kwenye kila sentensi ya wakati ujao uliyoiandika, uzipigie mstari nomino ambazo Kiswahili chake hakibadiliki, kisha ujiulize kwa kila moja: ni ngapi? "Nitanunua kalamu" inatosha kwetu. Mwingereza anakulazimisha uchague kati ya "I will buy a pen" na "I will buy pens". Huwezi kusema "I will buy pen" ukaacha mambo hewani.

Baada ya tarakimu wingi hubaki palepale hata kama idadi imeshatajwa: "in three days", "for ten minutes", "five thousand shillings". Neno "thousand" lenyewe halichukui wingi likitanguliwa na namba, ila huchukua likisimama bila namba: "Thousands of people will come." Na kipimo kinapotangulia nomino nyingine ili kuifafanua, wingi huondoka: safari itakayochukua siku tatu ni "a three-day trip", wala si "a three-days trip".

Saa zinahitaji uangalifu wa pekee. "Saa mbili" kwetu ni wakati fulani wa siku na pia ni urefu wa muda. "Wataondoka saa mbili asubuhi" ni "They will leave at eight in the morning", na "Wataondoka baada ya saa mbili" ni "They will leave in two hours". Wingi wa "hours" ndio unaomwambia msikilizaji kuwa unahesabu muda. Angalia pia hiyo "in". Muuguzi akimwambia mgonjwa "The doctor will see you in two weeks", hamaanishi siku yoyote kabla ya wiki mbili kuisha, anamaanisha zikishapita. "Ndani ya wiki mbili" ni "within two weeks".

Umbo lenyewe la wingi halina haja ya maelezo marefu: nomino nyingi huongeza "s", zinazoishia kwa sauti kama ya "box", "bus" na "dish" huongeza "es", na "baby" huwa "babies". Chache hujibadilisha kwa namna yake, nazo ni za kukariri tu: "man" na "men", "woman" na "women", "child" na "children", "person" na "people", "foot" na "feet", "tooth" na "teeth". Usiziongezee tena "s", maana "childrens will come" husikika kama vile tungesema "mawatoto watakuja".

Wingi una kazi moja zaidi, ya kusema jambo la jumla. "Walimu watapata mafunzo mapya" inaweza kuwa "Teachers will get new training", yaani walimu kwa ujumla wao, au "The teachers will get new training", yaani wale tunaowajua wote wawili, mimi na wewe. Kiswahili huiacha tofauti hiyo kwa muktadha. Kiingereza huiweka kwenye "the". Ukiona unatabiri jambo la watu wote wa aina fulani, tumia wingi bila "the".

Na pale watu wengi watakapofanya kila mmoja jambo lake, Mwingereza hupendelea wingi hata kwenye kile kinachotendewa. "Watapoteza kazi" ni "They will lose their jobs", "Watavua kofia" ni "They will take off their hats", kwa sababu kila mmoja ana kazi yake na kofia yake.

Hatua ya nne: ukirudi kwa nomino ile, rudi na kiwakilishi chake

Kwa watu kazi ni nyepesi: mmoja ni "he" au "she", wengi ni "they". Kwa vitu, kimoja ni "it" na vingi ni "they", na hapa ngeli zetu zote, KI-VI, LI-YA, U-I na nyinginezo, hukusanywa kwenye maneno hayo mawili. "Kiti kitavunjika" na "mti utaanguka" vyote ni "it". Neno "they", ambalo Waingereza walilipata kutoka kwa Waskandinavia waliohamia kisiwa chao zama za Waviking, halibagui watu, wanyama wala mawe.

Ugumu uko kwenye nomino ambazo Kiswahili huzihesabu kwa namna moja na Kiingereza kwa namna nyingine. Tunasema "Pesa zitatumwa leo, na zitafika kesho". Mwanafunzi husikia "zi" na kuandika "they will arrive". Mwingereza huziona pesa kama kitu kimoja kisichohesabika: "The money will be sent today, and it will arrive tomorrow." Maji yatakatika, lakini kwake "the water" ni "it". Maziwa yataharibika, nayo ni "it". Nywele zitaota tena, lakini "Her hair will grow again, it will be long by December." Habari zitatangazwa jioni, na ingawa "news" ina "s" mwishoni, hiyo ni "it". Katika kundi hili zimo pia "information", "advice", "furniture", "luggage" na "equipment". Mizigo ya wageni kwetu ni mingi na hata Mwingereza anaiona kwa macho yake kwamba ni mingi, hata hivyo ataandika "Their luggage will arrive later, and we will bring it to their rooms." Ukiandika "luggages" umekosea, na ukiandika "them" umekosea mara ya pili.

Upande wa pili, vipo vitu ambavyo kwetu ni kimoja na kwake ni vingi. Suruali itashonwa leo, lakini "The trousers will be sewn today, and they will be ready at five." Mkasi ni "scissors", nao ni "they", miwani vilevile, hata ikiwa ni moja usoni pa mtu mmoja. "Police" haina "s" lakini ni wingi: "The police will come, and they will ask you questions." Ziandike nomino hizi kwenye ukurasa wake katika daftari, safu moja ya "it" na nyingine ya "they", na uongeze kila unayoikuta ukisoma.

Hatua ya tano: mtendewa asisahaulike, na asirudiwe

Kiswahili kikishataja kitu, kiambishi kidogo ndani ya kitenzi hutosha: "Nitakileta." Tena mara nyingi hatukiweki hata hicho, tunasema "Sawa, nitaleta", na aliyeagiza ameelewa. Kwa Mwingereza "I will bring" peke yake ni sentensi iliyokatika, anasubiri uimalizie. Sema "I will bring it", au "I will bring them" kama umeagizwa vingi.

Kosa la kinyume chake hutokea kwenye vishazi vya rejeshi. "Barua ambayo nitaiandika" ina "i" inayorudi kwa barua, na mwanafunzi huiandika: "The letter which I will write it." Katika Kiingereza "which" imekwisha kuchukua nafasi hiyo, kwa hiyo "it" iondoe: "The letter which I will write."

Kuhusu viungo vya mwili na mali ya mtu mwenyewe, sisi husema "Nitanawa mikono" bila kutaja ni ya nani, kwani ingekuwa ajabu kunawa ya jirani. Kiingereza hutaka kimilikishi kitajwe: "I will wash my hands", "She will brush her teeth", "The pupils will bring their books."

Hatua ya sita: tambua mahali ambapo "will" haiingii

Tukisema "Wageni watakapofika, tutawapa chai", vitenzi vyote viwili vina wakati ujao. Kiingereza kinatosheka na "will" moja. Baada ya "when", "if", "before", "after" na "until", kitenzi hubaki katika wakati uliopo: "When the guests arrive, we will give them tea."

Hapa ndipo idadi inaporudi kwenye kitenzi. Mgeni akiwa mmoja: "When the guest arrives, we will give him tea." Utaona kwamba "s" imehama, imetoka kwenye nomino ikaenda kwenye kitenzi. Kwa nomino za kawaida za nafsi ya tatu nawaambia wanafunzi wangu watafute "s" moja katika jozi hiyo: ikiwa kwenye "guests" haipo kwenye "arrive", na ikiwa kwenye "arrives" haipo kwenye "guest". Nomino kama "children" na "news" hazifuati njia hii, lakini kwa zilizo nyingi inasaidia sana.

Vivyo hivyo kwa mipango iliyokwisha kuamuliwa, ambayo husemwa kwa "going to". Hapo kitenzi kisaidizi hubadilika kulingana na mtendaji: "I am going to travel", "she is going to travel", "the students are going to travel". Ratiba za vyombo vya usafiri hutumia wakati uliopo peke yake: "The boat leaves at seven", na "The boats leave at seven".

Hatua ya saba: swali na jibu

Katika swali "will" hutangulia na kiwakilishi hufuata: "Will they come?" Jibu fupi hurudia kiwakilishi pamoja na kisaidizi: "Yes, they will", au "No, they won't". Swali likiwa la kukanusha, chunga sana. Ukiulizwa kwa Kiswahili "Hawatakuja?", unaweza kujibu "Ndiyo, hawatakuja", ukikubaliana na swali. Kwa Mwingereza "yes" haikubaliani na swali bali na tukio lenyewe. Akikuuliza "Won't they come?" na kweli hawaji, jibu ni "No, they won't." Ukisema "Yes", ataweka sahani za ziada mezani.

Zoezi

Andika ujumbe huu kwa Kiingereza kabla ya kuendelea kusoma: "Wageni watafika kesho saa mbili asubuhi. Tutawapokea na kuwapeleka vyumbani. Mizigo itakuja baadaye. Ikifika, dada ataleta. Watakaa siku tatu."

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika: "The guest they will arrive tomorrow at two in the morning. We will receive and take to room. The luggages will come later. When they will arrive, the sister will bring. They will stay three day." Hatukumfutia chochote, tulipita hatua kwa hatua naye akasahihisha kwa mkono wake. "They" ya kwanza ikatoka na "guest" ikapata "s". Saa mbili ikawa "eight". Baada ya "receive" ikaingia "them", na nyingine baada ya "take". Chumba kikawa "their rooms". "Luggages" ikapoteza "s", "they will arrive" ikawa "it arrives", na baada ya "bring" ikaingia "it". Dada alikuwa mhudumu wa hapo, si ndugu yake wa damu, kwa hiyo tukaandika "the housekeeper". Mwisho "day" ikawa "days", na ujumbe ukatumwa hivi:

"The guests will arrive tomorrow at eight in the morning. We will receive them and take them to their rooms. The luggage will come later. When it arrives, the housekeeper will bring it. They will stay three days."